Bamuliki wanapumulia wapi? Namna ya kuchora mwili wa kiumbe cha sayari ingine

Bandugu, watu mingi wananiandikia inbox, "namna gani unachoraka ile mifupa na mapafu ya Bamuliki mupaka inaonekana sawa vile wako wakweli", basi nimeona niandike mara moja tu, niache kurudilia maneno yale yale kila siku.

Kwa wenye hawajue: Bamuliki ni viumbe vya katuni ya yaya moja, mukubwa wetu wa kartie hapa Goma. Aliwachora na biki kwa kaye ya shule, kurasa nane tu, tukapiga foto tukatumiana kwa WhatsApp mupaka zikavuka ziwa zikafika Bukavu. Yaya hakuandika fasi yoyote namna mwili yao inatumika ndani, alichora tu stori. Njo pale sisi mashabiki tunaingia, kujaza yenye iliachwa wazi. Mfano wangu ni Bamuliki lakini njia ni ile ile kwa kiumbe chochote cha filme, cha gemu ao cha katuni yenye unapenda.

Kitu ya kwanza: usianze na sura. Najua mukono inawasha, kila mutu akikamata krayo anakimbilia kuongeza pembe, macho sita, meno ya mamba, kisha anamaliza anakuta amechora mutu wa kawaida mwenye amevaa maski. Anza na fasi kiumbe kinasimama. Kinavuta hewa gani, mwili yake inalemea kiasi gani, kinakula nini. Sura itakuja yenyewe, na ikikuja utashangaa, juu haitafanana na ile ulikuwa nayo kwa kichwa.

Lakini mbele ya ile yote, soma kazi ya mwenyewe. Mimi nilikamata kaye, nikapiga mustari katikati, upande moja nikaandika IMEONEKANA, upande ingine MINAFIKIRI. Nikapita ukurasa kwa ukurasa. Kwa IMEONEKANA nilipata vitu sita tu: ni warefu, msafiri (mutu wa ile stori) anafika kwa kiuno yao, donki tuseme metre tatu, wako na mikono ine na ile mbili ya juu ni myembamba, hawana pua kwa uso, ngozi inawaka kijani wakikasirika, wanaishi kwa shimo fulani yenye imbwa ya msafiri iliingia ikakufa palepale na msafiri mwenyewe hakufa, na kwa ukurasa wa sita moja wao anaanguka chini kwa bita, mwanga yake inazimika, akisimama inarudi. Basi. Ingine yote ni ya upande wa MINAFIKIRI, na usichanganye ile pande mbili ata siku moja. Ukiona wazo yako inavunja kitu ya upande wa kwanza, wazo njo inaondoka, apana katuni. Ama chora kiumbe chako mwenyewe ukipatie jina ingine, haiko zambi.

Sasa rudia ile imbwa. Mutu wa Goma akisoma pale hana lazima ya kuelezewa: ni mazuku. Kwa wenye wako mbali, huku kwetu gazi karboniki (CO2) inatoka chini ya udongo kwa nyufa za lava, sana sana kandokando ya ziwa njia ya kwenda Sake, na ile gazi inalemea karibu mara moja na nusu kuliko hewa, donki inakaa kwa mashimo sawa maji. Asubuhi mapema kama upepo haujaamuka njo inakuwa mbaya zaidi. Mbuzi inakufa, imbwa inakufa, mutoto anakufa, juu pua yao iko chini. Mutu mukubwa anaweza pita palepale wima asisikie kitu, halafu anainama kuokota mbuzi yake na yeye anabaki. Nilimuuliza yaya: "Yaya, ile shimo ni mazuku?" Akanijibu: "Sasa mudogo wangu, ulifikiri ni nini ingine?"

Ukishajua ile, kazi nusu imeisha. Juu ya nini ni warefu? Juu hewa ya kuvuta iko juu. Juu ya nini hawana pua kwa uso? Juu uso inainamaka, kunywa maji, kuokota kitu, na kila mara wangeinama wangekufa. Pua inapaswa kukaa fasi yenye inachelewa kushuka.

Hapa watu mingi wanaenda kwa panzi, na ni kweli panzi hana pua, anavuta hewa kwa vitundu vya pembeni ya mwili, na toka pale kuko mirija midogo midogo inapeleka hewa ndani moja kwa moja. Inapendeza kuchora. Lakini ile njia inafaa mwili kidogo, ukiongeza mwili hewa haifike tena ndani vizuri. Moja wa wadudu wa kuruka wakubwa kabisa wenye tunajua, Meganeura, jamaa ya kereng'ende mwenye aliishi karibu miaka milioni 300 iliyopita, mabawa yake yakifunguliwa yalikuwa kama sentimetre 70, na wataalamu wengi wanafikiri ata ile iliwezekana juu siku zile oksijeni ilikuwa mingi hewani. Sentimetre 70, na sisi tuko na metre tatu. Donki Bamuliki wanahitaji mapafu ya kweli, yenye inavuta na kusukuma. Angalia basi nyangumi na pomboo, pua yao ilihamia juu ya kichwa, na njia ya hewa imetengana na njia ya chakula. Nikawapatia Bamuliki matundu mbili juu ya kichwa, katikati kabisa, na vifuniko. Nikafurahi sana.

Ile furaha ilikaa siku mbili. Nikajiuliza: na mutoto? Katuni haina mutoto ata moja. Mutoto wa Bamuliki anazaliwa kidogo, si ndiyo, na kidogo kwa ile shimo ni kufa siku ile ile. Lazima mutu amubebe juu. Juu kabisa, kwa kichwa. Na pale njo nilielewa mikono ine! Umeshaona mama wa soko mwenye amebeba beseni ya samaki sambaza kwa kichwa, mukono moja inashikilia pembeni: uzito yote iko kwa shingo, mukono inazuia tu isianguke. Kwa hiyo mikono mbili ya chini ni ya kazi, na ile mbili ya juu myembamba ni ya kushikilia mutoto, haihitaji nguvu, inahitaji urefu. Inakubaliana na katuni kabisa, ata wembamba. Nikachora usiku kucha na tochi ya telefone juu umeme ilikuwa imekwenda. Asubuhi nikaangalia mchoro vizuri, nikakuta nimemukalisha mutoto juu ya pua ya mama yake.

Nikafuta. Matundu nikayapeleka nyuma, kwa vinundu mbili pale shingo inaingia kwa mabega. Shingo nikaifanya nene na fupi juu njo inabeba. Na kitu ingine ikajileta: kama hewa haipite kwa mdomo, sauti nayo haitoke kwa mdomo, pomboo pia sauti zao zinatengenezwa kwa njia ya pua chini ya lile tundu. Donki Mumuliki akiongea na wewe, sauti inatokea nyuma ya shingo yake na mdomo haitikisike. Ukitaka kumusikia vizuri unasimama mgongoni kwake. Kuko wenye walicheka ile, mimi ninaipenda kuliko yote.

Nilimuonyesha yaya ile planshi ya mutoto. Akaangalia muda mrefu. Akaniambia mikono ine aliitia juu siku ile biki iliteleza ikapiga mustari wa bega mara mbili, na hakuwa na gome ya kufutia.

Uzito. Hapa usikimbie, ni hesabu ya primere. Ukichukua mutu wa metre 1.5 mwenye kilo 50 ukamukuza mara mbili kila upande, urefu, upana, unene, haangukie kwa kilo 100. Ni mbili mara mbili mara mbili, yaani nane, anafika kilo 400. Lakini nguvu ya mufupa inafuata unene wa pale ungeikata, na ule unaongezeka mara ine tu. Mufupa mara ine, mzigo mara nane. Galileo aliandika ile mambo tangu 1638. Ndiyo maana miguu ya tembo haifanane na miguu ya swala yenye imekuzwa, iko wima na nene sawa nguzo. Angalia chukudu pia, ile trotinete ya mbao ya kubebea mizigo: ya mutoto ya kuchezea ni mbao za kawaida tu, ya kubeba makaa na viazi toka vijijini inachongwa na miti minene yenye mutu peke yake anaibeba na shida.

Uko na njia mbili. Ya kwanza, wapatie miguu ya tembo. Ya pili, punguza mvutano wa sayari. Mimi niliangalia katuni tena, ukurasa wa ine, msafiri anaruka ukuta mrefu kuliko yeye na hashangae, nikasema basi, ile sayari inavuta kidogo. Tuseme sawa Mars, yenye inavuta asilimia 38 ya hapa kwetu. Mzigo mara nane mara 0.38 inatoa karibu mara tatu, na mufupa yetu iko mara ine. Imepita, na kuko na akiba ya kubeba mutoto. Ndiyo maana Bamuliki wangu wako na miguu ya kawaida, apana uvivu wa kuchora kama mwenzetu fulani alisema.

Mutu ataniambia sayari kidogo haishike hewa, angalia Mars, hewa yake haifike ata asilimia moja ya yetu. Ni kweli, lakini angalia Titan, mwezi wa Saturn: inavuta asilimia 14 tu na hewa yake inakandamiza mara moja na nusu kuliko ya kwetu, juu kule kuna baridi ya kupita, karibu digri 179 chini ya sifuri. Kwa hiyo inawezekana, ila kila kitu kina bei yake. Ile niliiacha kwa MINAFIKIRI, na alama ya kuuliza.

Mwanga sasa. Hapa sikuvumbua kitu, nilikwenda tu kusoma juu ya kimulimuli. Mwanga yake inatoka kwa dawa fulani ya mwilini, lusiferini, yenye ikikutana na oksijeni na kimeng'enya chake inawaka bila kuunguza. Bila oksijeni, hakuna mwanga. Na kimulimuli anawasha na kuzima kwa kuongoza ile oksijeni. Sasa rudi kwa katuni. Wanawaka wakikasirika: mwenye kukasirika anahema, anaingiza oksijeni mingi. Ukurasa wa sita anaanguka chini, mwanga inazimika: ameanguka ndani ya gazi! Akisimama, inarudi! Yaya anasema aliweka vile juu ya kuhuzunisha tu, lakini mimi niliruka kwa kitanda.

Ile inakuambia pia namna ya kupaka rangi. Usiwake mwili muzima sawa taa ya duka. Kijani kali karibu na vinundu vya hewa, mabega, kifua, kisha unapunguza polepole ukishuka, magoti yanakuwa ya majivumajivu, nyayo nyeusi kabisa. Kwa krayo za rangi piga manjano nyepesi kwanza mwili yote, kijani juu yake safari tatu ine kwa mabega, safari moja kwa kiuno, chini ya goti usiguse tena na kijani, chukua krayo ya kawaida.

Damu njo swali yenye inaleta fujo. Wote wanataka ya buluu, na mimi pia nilitaka, biki ya buluu iko bei rahisi. Damu ya buluu iko kweli, konokono na kaa wako nayo, pweza pia, na mioyo yake mitatu, inatumia shaba pale yetu inatumia chuma. Lakini kwa kawaida ile ya shaba inabeba oksijeni kidogo kuliko ya chuma. Sasa kiumbe cha kilo 400, chenye kinaishi mlangoni mwa gazi, utamupatia mbebaji mzaifu? Hapana. Mupatie nyekundu, na ikiwezekana nyekundu ya wale bata bukini wenye wanavuka milima ya Himalaya, damu yao inakamata oksijeni kwa nguvu kuliko ya bata wa kawaida. Najua haipendezi macho sawa buluu. Ila nyekundu chini ya ngozi ya kijani inatoa kahawia, donki ndani ya mdomo, pembeni ya macho na fasi ya kidonda nilipaka kahawia ya udongo, na mutu akiiangalia anasikia ni nyama ya kweli.

Macho na chakula nitapita haraka. Mboni ya mbuzi imelala, inamuonyesha karibu pande zote bila kugeuza kichwa. Ya paka imesimama, ni ya muwindaji wa kuvizia. Bamuliki katika katuni hawamuwinde mutu, shingo yao sasa ni nene haigeuke vizuri, niliwapatia ya mbuzi. Mdomo kidogo bila meno ya kuonekana: wanakula vitu laini vya juu, matunda sijue, utomvu. Sijafika mbali pale.

Kuchora yenyewe. Chukua papie dupli, krayo HB na moja 2B, gome, late, biki nyeusi. Chora kwanza mifupa peke yake, mwili wima, upande wa mbele na upande wa pembeni. Mufupa wa bega njo mtihani: mikono ine inahitaji mabega mbili juu ya mbili, kila moja na fasi ya nyama kushikilia, usipachike mukono wa pili kwa mbavu sawa tawi. Kisha weka papie kalke juu, chora nyama na mapafu, kalke ingine juu, chora ngozi. Huna kalke, bandika karatasi kwa kioo cha dirisha mchana, inaonyesha vizuri. Wenye wanachora kwa telefone, ibisPaint inafanya ile kitu kwa tabaka, mifupa unaificha unairudisha. Mimi ninapenda karatasi juu haimalize batri.

Majina ya viungo andika sawa planshi ya biolojia ya shule, mistari na late, isikatane, maneno yote upande moja. Na weka kitu yenye kila mutu anajua ukubwa yake kandokando ya kiumbe. Mimi ninaweka bido ya manjano ya litre 20. Bila bido, metre tatu ni namba tu. Na bido pale kwa kifundo cha mguu, mutu anasema eee mama.

Ukienda kufanya fotokopi ya rangi, angalia moja mbele ya kulipa zote. Mimi niliacha karatasi kwa sekretaria fulani nikaenda kula, nikarudi nikakuta kijani yote imekuwa ya mboga ya sombe iliyolala, nakala kumi, na pesa imeshakwenda. Foto ya telefone piga kivulini saa tatu ya asubuhi, apana chini ya jua, apana na flashi.

Ukiposti, jina ya mwenye katuni inaenda juu, mbele ya yako, na unamuomba ruhusa kama unamufikia. Andika wazi yenye ni yake na yenye ni ya kwako, unaweza ata kuposti ile kaye ya pande mbili. Na usiende kumusahihisha mwenyewe kwa kazi yake, eti "Yaya ulikosea pale". Yeye hakukosea, yeye alichora, wewe njo ulijileta.

Kisha jiandae na maswali. Juzi mutoto wa jirani, wa primere tu, aliangalia planshi yangu yote, mapafu, mabega, bido, akaniuliza: "Na wakilala?" Nikanyamaza. Mwenye kulala chini kwa ile shimo haamuke. Miezi mitatu ya kuchora, nilikuwa nimesahau usingizi. Farasi analala wima, magoti yake yanajifunga. Popo ananing'inia. Mikono ya juu ni mizaifu, haiwezi kumuning'iniza mutu wa kilo 400, ata zikiwa nyepesi kule. Niko nachora magoti upya, mwenye ana wazo aniandikie.